Lushoto: Baridi Ina Wenyewe

Mombo ni joto. Basi la kutoka Dar es Salaam likishakushusha pale njia panda, shati linagandana na mgongo kabla hujalipa nauli ya Kosta ya kupanda Lushoto. Kosta niliyopanda safari yangu ya mwisho ilikuwa na rundo la matenga matupu kwenye keria, yamefungwa kwa kamba ya katani. Nikamuuliza utingo yanakwenda wapi.

“Yanarudi nyumbani, mzee. Yalishuka na nyanya.”

Barabara ile ina kilomita 33 hivi na kona ambazo sijawahi kumaliza kuzihesabu. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Tulipofika Soni, maporomoko ya maji yakinguruma chini ya barabara, madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Mama aliyekaa mbele yangu alitoa sweta kwenye mkoba akamvisha mwanawe bila kumwamsha, kwa mikono ya mtu aliyezoea kazi hiyo. Kutoka mita kama 400 juu ya usawa wa bahari hadi takribani mita 1,400, msafiri anahama hali ya hewa bila kuhama mkoa. Tanga ileile ya nazi na mikonge inageuka kuwa ya kabichi, karoti na moshi wa kuni asubuhi.

Baridi hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza ya Lushoto. Ilianza kuuzwa kabla ya viazi na kabla ya peasi, na imewavuta magavana, wamishenari, mahakimu, wanafunzi na maharusi wa fungate. Lakini kila nikiisoma historia ya mji huu, naona jambo moja linajirudia: mji wa kupumzikia umebebwa na watu wasiopumzika, na wanaoitunza baridi si wao wanaopokea bei yake. Kama Lushoto inataka kuishi kwa utalii miaka mia nyingine, hesabu hii lazima ipinduliwe.

Tuanze na baridi yenyewe, maana wengi wetu tunaichukulia kama zawadi isiyo na gharama. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu kongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kukatiza Tanzania hadi Udzungwa. Bonde la Lwengera linaigawa Usambara kuwa ya Mashariki na ya Magharibi, na Lushoto iko hii ya Magharibi. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukigonga kuta za milima unalazimika kupanda. Ukipanda unapoa, na ukipoa unaacha mvua na ukungu. Msitu wa Magamba, ambao vilele vyake vinapita mita 2,200, unaunasa ukungu ule kwa majani, na udongo wake unayashika maji na kuyaachia kidogo kidogo hadi kiangazi.

Vijito vinavyotoka huko juu vinateremka kuingia mito ya Mkomazi na Lwengera, nayo inamwaga maji yake Pangani. Huko chini maji hayo yanasaidia kuzungusha mitambo ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, na ya New Pangani Falls, iliyoanza mwaka 1995 ikiwa na uwezo wa megawati 68. Mtu anayewasha feni Tanga mjini kulikimbia jua ana deni dogo Magamba, ingawa hajawahi kufika huko.

Washambaa walilijua hilo kabla ya wahandisi. Kwao nchi yao, Shambaai, ni ile ya juu, yenye mvua na migomba. Chini ni nyika, yenye jua, wanyama na njaa ya ghafla. Vijiji vikongwe kama Mtae na Mlalo viliwekwa karibu na kingo za milima, ili familia iweze kulima juu na chini, mvua ya huku ikikosa ya kule ifidie. Hiyo ilikuwa bima ya mazao kabla ya kampuni za bima.

Simulizi zao zinasema Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, alipanda milima hii akiwa na mbwa na nyama. Alipoua simba, watu wakamkabidhi utawala, na kizazi chake, Wakilindi, kikatawala kutoka Vugha. Mzao wake aliyevuma zaidi, Kimweri ye Nyumbai, alitawala hadi mwaka 1862, na sauti yake ilisikika hadi pwani. Mmishenari Johann Ludwig Krapf, alipofika mwaka 1848, alikuta dola yenye utaratibu wake.

Katika siasa za Vugha kulikuwa na maneno mawili ambayo ningependa kila diwani wa Lushoto ayabandike ukutani. La kwanza ni kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. La pili ni kubana shi, kuiharibu nchi. Mfalme hakupimwa kwa ukubwa wa nyumba yake. Alipimwa kwa mvua: je, akiwa kitini nchi inapona au inaharibika? Watu walipoona wakubwa wanapigana wao kwa wao na mashamba yanakauka, walisema nchi inaharibiwa, na walijua nani wa kulaumiwa.

Ndipo wakaja Wajerumani. Waliupa mji jina la mfalme wao, Wilhelmstal, Bonde la Wilhelm. Sababu ya kuutaka ilikuwa nyepesi kuelewa. Pwani ilikuwa inawaua kwa malaria. Mwaka 1897 Ronald Ross alionyesha, akiwa India, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Mwaka huohuo Robert Koch alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani kuchunguza ugonjwa uleule. Kwa ofisa wa kawaida, hata hivyo, tiba iliyokuwa mkononi ilikuwa moja: panda juu, ulale ukijifunika blanketi.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na hivyo mlima ukawa umekaribia bandari. Kule Shume kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga njia ya waya ya kuteremshia magogo ya mierezi hadi kwenye reli Mkumbara. Angalia mwelekeo wa mambo: mtu anapanda kupumzika, mti unashuka kuuzwa.

Nani alikuwa anafanya kazi? Mwaka 1907 wilaya hiyo ya Wilhelmstal ilianzisha kadi za kazi. Mwanamume Mwafrika alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza alitakiwa kwenye kazi za serikali. Basi tukisifu nyumba za mawe, mapaa ya vigae na barabara zilizochongwa mlimani, tukumbuke zilijengwa na mwenye kadi mfukoni ambaye shamba lake mwenyewe lilikuwa likimea magugu.

Hata ua la milima hii lina hadithi ileile. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, alipeleka kwao mmea mdogo wenye maua ya zambarau. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akauita Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wa aliyeupeleka. Leo uko kwenye madirisha ya mamilioni ya nyumba za Ulaya na Marekani, na biashara yake inalisha watu wengi. Milima ilikotoka ilibaki na jina kwenye vitabu vya kiingilio cha wageni.

Waingereza waliuchukua mji mwaka 1916. Walirudisha jina la Lushoto, lakini hawakubadili mazoea. Gavana aliendelea kuwa na makazi ya kupumzikia huku juu. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakashtuka kwamba udongo unateremka. Mwaka 1946 walianza mradi Mlalo, na baadaye wakaupanua Usambara nzima: kila mkulima alazimike kutengeneza matuta shambani kwake. Kwenye karatasi ulikuwa mradi wa kuponya ardhi. Shambani ulikuwa mgongo wa mama. Ni wanawake waliobeba sehemu kubwa ya kazi ile, kwenye miteremko ambayo mtu akisimama wima anaona paa la jirani chini ya miguu yake. Watu walikataa. Wakasema wakubwa wao, waliosimama upande wa serikali, wanaiharibu nchi. Hasira hiyo iliipa TANU wanachama milimani, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mradi ukawa umezikwa.

Lakini miaka ya 1980 Wajerumani walirudi, safari hii kama wafadhili, na mradi wa kuhifadhi udongo na kupanda miti mashambani. Zamu hii palikuwa na majani ya malisho kwenye kingo za matuta, ng'ombe wa maziwa wa kufugia ndani, na miche. Wakulima wengi waliyapokea, kwa kuwa jani lililozuia udongo lilikuwa pia chakula cha ng'ombe, na ng'ombe alitoa maziwa na mbolea. Somo lake ni rahisi: mlima unaponywa pale mponyaji anapopata kitu cha kupeleka jikoni.

Sasa twende kwenye uchumi wa leo. Lushoto ina uchumi wa aina mbili unaopita barabara moja bila kusalimiana.

Wa kwanza unauona siku ya gulio. Alfajiri wanawake wanateremka vijia vya mlimani, mizigo kichwani, kanga zimefungwa kifuani juu ya sweta. Karoti zimeoshwa mtoni zinang'aa. Kuna kabichi, viazi mviringo, hoho, maharage, na kwa msimu wake peasi, pichesi na plamsi, matunda ambayo mtoto wa Kilwa huenda hajawahi kuyaona mtini. Pembeni yanasubiri malori ya Fuso, na kati ya lori na mama anasimama dalali. Gunia la viazi linajazwa hadi mdomo, kisha linasukwa kilemba cha kamba na kujazwa tena juu: ndiyo lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza na ambayo kila mtu anaiona. Mlimaji analipwa gunia moja. Sokoni Dar es Salaam gunia lile linazaa debe la ziada.

Uchumi wa pili uko kilimani, kwenye bustani za nyasi zilizokatwa vizuri. Wageni wanatembezwa Irente, pale mwamba unapokatika ghafla na nyika ya Mazinde ikatandazwa chini kama mkeka. Wanaingia Magamba kutafuta vinyonga na mbega. Tangu miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV, vijana wa Lushoto walianza kuwaongoza wageni vijijini katika mpango wa utalii wa kitamaduni, na huo naupa heko, kwa kuwa hela yake inapita mikononi mwa wenyeji. Kuna pia mashamba ya kanisa yanayotengeneza jibini, jemu na mvinyo, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambacho wanafunzi wake wanapanga vyumba na kula chipsi mjini mwaka mzima. Tusikidharau chuo: mwanafunzi ni mgeni anayekaa hata masika.

Jumapili moja ya gulio nilinunua peasi kwa mama mmoja wa makamo. Nilimsalimu kwa Kishambaa, “Onga mshi”, akacheka matamshi yangu, akaniongezea mawili. Nilimuuliza kama huwa anapeleka hoteli yoyote pale mjini.

“Wanataka risiti, mwanangu. Wanataka nilete leo, wanilipe mwezi ujao. Mimi chumvi nanunua leo.”

Jioni ile, katika hoteli niliyofikia, niliagiza juisi. Ikaja baridi, tamu, na ya rangi ya kung'aa kupita kiasi. Nilipochungulia kaunta nikaliona boksi lake, limevuka bahari na kupanda zile kona zote za Mombo kuja kuuzwa mita chache kutoka kwenye mti wa peasi. Glasi moja ilinigharimu zaidi ya kikapu kizima cha yule mama. Simlaumu mhudumu, wala sitaitaja hoteli, kwa sababu haiko peke yake. Boksi haliozi, haligomi, na linakuja na risiti. Lakini mji unaoagiza juisi ng'ambo huku matunda yakiozea gulioni una ugonjwa, na dawa yake haiko kwenye vipeperushi vya watalii.

Nawasikia wanaosema: acha maneno, leta mwekezaji. Hoteli kubwa italeta ajira, barabara itapanuliwa, mji utakua. Hoja hii ina uzito. Kijana wa Lushoto anayekwenda Kariakoo kusukuma mkokoteni angefurahi kupata kazi ya mshahara karibu na mama yake. Na barabara ya Mombo inahitaji fedha kweli. Masika mawe na matope yanashuka juu yake, na siku ikifungwa, kabichi zinaoza na mgonjwa wa rufaa anakwama.

Ila kabla hatujashangilia ukubwa, tuangalie wenzetu waliotangulia. Shimla, kule India, ilikuwa makao ya kiangazi ya serikali ya Waingereza kuanzia mwaka 1864. Ilikua, ikajaa, na mwaka 2018, katikati ya msimu wa wageni, mabomba yalikauka. Wakazi wakapanga foleni za maji usiku na watu wengine wakaomba watalii wasije. Baguio, nchini Ufilipino, Wamarekani waliichora mwanzoni mwa karne ya 20 wakiwa na picha ya watu 25,000 hivi. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu zaidi ya 366,000, juu ya milima, penye mitetemeko ya ardhi. Miji hiyo miwili iliuza ubaridi, kivuli na utulivu. Ilipouza sana, ikaishiwa na vyote vitatu. Lushoto bado ni ndogo. Udogo huo ndio nafasi yetu ya kuchagua.

Naomba mambo manne yafanyike, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

La kwanza ni maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Milimani sheria hii huwa inamkumba zaidi mwenye jembe la mkono anayelima nyanya bondeni. Ni kweli anakosea, na dawa anazopulizia zinaingia mtoni. Lakini mwenye nondo na saruji naye apimwe kwa futi ileile. Haiwezekani tuta la kabichi liwe uharibifu na nyumba ya wageni juu ya chemchemi iwe maendeleo.

La pili ni fedha. Mgeni analipia kiingilio cha msitu na analipia kitanda. Sehemu ya fedha hizo irudi kwenye vijiji vinavyopakana na Magamba, na kiasi chake kisomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji kama kinavyosomwa mchango wa madawati. Mtu anayekatazwa kuni kwa ajili ya ukungu wa mgeni ana haki ya kujua ukungu huo uliuzwa shilingi ngapi.

La tatu ni soko. Halmashauri iwasaidie kina mama wa gulio kuwa na kikundi chenye kitabu cha risiti na mtu mmoja wa kupokea oda za hoteli, na hoteli zilipe siku ya kupokea mzigo. Kreti zichukue nafasi ya matenga yanayoponda nyanya njiani. Na mizani iwekwe Soni na Lushoto, isimamiwe kweli, mpaka lumbesa iwe aibu.

La nne linatuhusu sisi wasomaji. Tumeuachia utalii wa mlimani wageni wenye mabegi ya mgongoni, kana kwamba kuangalia mandhari ni kazi ya Wazungu. Familia ya Dar es Salaam inakwenda ufukweni kila sikukuu, jambo jema, lakini watoto wale hawajui kwamba saa chache kutoka nyumbani kwao kuna mahali Julai mtu akiongea anatoa mvuke mdomoni. Mtalii wa ndani habadilishi fedha, hahitaji viza, na janga la dunia likija hafungiwi uwanja wa ndege.

Nilipokuwa narudi, niliteremka na lori la mizigo hadi Mombo, nimebanwa kati ya dereva na dalali. Nyuma yetu kulikuwa na nyanya, zimejaa hadi ukingo wa matenga. Nilijua kesho au keshokutwa matenga yale yangepanda tena zile kona, yamefungwa kwa kamba ya katani, hayana kitu ndani.

Ukienda Lushoto likizo hii, nunua peasi gulioni. Mezani hotelini uliza juisi ni ya matunda ya nani, na wakikuletea ya boksi, irudishe kwa adabu. Wakiulizwa na wageni kumi kwa siku, watamtafuta yule mama.